Uzi Hauimbi Peke Yake: Fizikia ya Litungu na Gita la Kutengeneza kwa Mikono

Mwanafunzi wa fizikia katika shule ya sekondari anapofikia mada ya sauti hukutana na chombo kiitwacho sonomita. Hicho ni kisanduku kirefu cha mbao chenye uzi wa waya, vidaraja viwili vya kusogezwa, na mawe ya mizani yanayouvuta uzi huo. Mahali ambapo shule haina sonomita, mwanafunzi hana budi kuikariri kanuni ya uzi kama mtu akaririvyo majina ya miji asiyopata kuiona. Akiulizwa kanuni hiyo katika mtihani huijibu. Akiulizwa inafanya kazi gani duniani, hunyamaza.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mwanafunzi huyohuyo, ikiwa kwao ni Busawe katika Wilaya ya Serengeti, au ni katika vijiji vya Tarime, yumkini ameishi jirani na sonomita yenye nyuzi nane tangu utoto wake. Wakurya huiita iritungu, na wengi nchini huijua kwa jina la litungu. Ni ala iliyotengenezwa na fundi wa kijijini kwa tezo na kisu.

Katika makala haya tutaeleza jinsi ala za nyuzi zinavyotoa sauti, tukianza na litungu na kuishia na gita ambalo mtu anaweza kulitengeneza kwa mikono katika karakana ndogo ya nyumbani. Tutaona kwamba mafundi wa ala hizi mbili wanakabiliwa na swali moja: je, utapataje uso ulio mwepesi kiasi cha kutikiswa na uzi, na wakati huohuo ulio imara kiasi cha kustahimili mvuto wa nyuzi zote?

Mambo matatu yanayoutawala uzi

Kimo cha sauti, yaani kuwa kwake juu au chini, hutegemea idadi ya mitetemo ambayo uzi huifanya kwa kila sekunde. Kipimo chake ni hezi. Mwaka 1636 mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, alichapisha kanuni zinazoonyesha kwamba idadi hiyo hutegemea mambo matatu.

Kwanza ni urefu. Ukiufupisha uzi hadi nusu, mitetemo huwa mara mbili, na sauti hupanda kwa oktavu moja, yaani kutoka do ya chini hadi do ya juu. Pili ni mvuto. Hapa lazima tuwe waangalifu, kwa sababu kuzidisha mvuto mara mbili hakuzidishi mitetemo mara mbili. Ili kupanda oktavu moja, mvuto hauna budi kuzidishwa mara nne. Tatu ni uzito wa uzi kwa kila mita. Uzi wa nailoni wenye kipenyo mara mbili ya mwingine una uzito mara nne kwa kila mita, na kwa urefu na mvuto uleule hutoa sauti iliyo chini kwa oktavu moja.

Mpigaji wa litungu hazifupishi nyuzi kwa kuzibonyeza dhidi ya ubao kama afanyavyo mpiga gita. Kila uzi una sauti yake moja. Kwa hiyo kazi ya kupanga sauti nane huangukia zaidi kanuni ya pili na ya tatu: fundi huchagua unene wa kila uzi, kisha huukaza au kuulegeza kwenye mti unaokingama juu ya ala. Hapo zamani nyuzi zilitengenezwa kwa kano za ng'ombe. Siku hizi nailoni hutumika, kama ile ya kuvulia samaki.

Mwalimu aweza kuzithibitisha kanuni hizi bila kununua chombo chochote cha maabara. Chukua uzi wa nailoni wa kuvulia wenye kipenyo cha milimita 1. Ufunge kwenye msumari mwisho mmoja wa meza, uupitishe juu ya vidaraja viwili vya mbao vilivyoachana sentimita 60 na vilivyowekwa juu ya matofali, kisha uuteremshe ukingoni mwa meza na kuning'iniza dumu lenye lita 5 za maji. Lita moja ya maji ina kilo moja. Kwa hiyo, tukipuuza uzito wa dumu lenyewe, mvuto ni nyutoni 49 hivi. Uzi huo una uzito wa karibu gramu 0.9 kwa mita, na hesabu itatupa hezi 195, karibu sawa na uzi wa tatu wa gita, ambao ni hezi 196. Sasa sogeza vidaraja hadi viachane sentimita 30. Sauti itapanda oktavu moja. Virudishe kwenye sentimita 60, na badala ya dumu la lita 5 tumia dumu la lita 20. Sauti itapanda oktavu ileile. Vidaraja vipakwe sabuni ili uzi uteleze vizuri, dumu liwe karibu na sakafu, na nyuso za wanafunzi ziwe mbali na uzi, maana uzi ukikatika hujeruhi.

Kwa nini uzi una sauti ndogo

Katika jaribio hilo wanafunzi watalalamika kwamba sauti haisikiki vizuri. Malalamiko hayo ni ya haki, nayo yanatufikisha kwenye kiini cha jambo letu. Uzi ni mwembamba mno. Unaposogea upande mmoja, hewa iliyo mbele yake haisukumwi mbali bali huuzunguka na kwenda nyuma yake. Ni kama mtu anayejaribu kupiga makasia kwa fimbo: mkono unakwenda, mashua haiendi.

Sasa ondoa tofali moja lililo chini ya kidaraja, na mahali pake uweke kopo kubwa tupu la bati lenye kimo kama hicho. Gusa uzi tena. Sauti itasikika hadi nyuma ya darasa. Mvuto haukubadilika, wala kidole hakikuongeza nguvu. Kilichobadilika ni kwamba kidaraja kinautikisa uso mpana, na uso mpana unaisukuma hewa nyingi kwa pamoja.

Hapa yafaa tusahihishe kosa ambalo hata baadhi ya vitabu hulirudia, kwamba sanduku la ala huongeza nishati ya sauti. Sanduku haliongezi nishati yoyote. Nishati yote imetoka kwenye kidole cha mpigaji. Kazi ya sanduku ni kuitoa upesi na kuipeleka hewani. Ndiyo sababu uzi uliokuwa juu ya tofali ulitetema kwa muda mrefu kwa sauti hafifu, na ule ulio juu ya kopo huvuma kwa nguvu lakini hunyamaza mapema. Kila fundi wa ala hupima kati ya mambo hayo mawili.

Ngozi na ubao

Fundi wa litungu huchonga mti na kuutoboa ndani hadi uwe kama bakuli kubwa, kisha huuvika ngozi ya ng'ombe. Ngozi huwambwa ikiwa mbichi, nayo inapokauka hujikaza yenyewe. Uso huo ni mwepesi sana, kwa hiyo uzi huutikisa kwa urahisi, na sauti yake ni kali yenye kufifia haraka. Nguvu inayovuta nyuzi haibebwi na ngozi, bali na miti miwili ya pembeni na ule unaokingama. Hilo ni jibu zuri kwa swali tuliloliuliza mwanzoni: kazi ya kubeba imetenganishwa na kazi ya kuvuma. Upungufu wake ni kwamba ngozi hunywa unyevu. Mvua ikinyesha hulegea, na sauti hubadilika.

Gita limetoa jibu jingine. Uso wake ni ubao mwembamba, na daraja la nyuzi limegundishwa juu ya ubao huohuo. Nyuzi sita za nailoni za gita la kawaida huvuta kwa pamoja kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 40. Ubao unaovutwa hivyo una unene wa milimita 2.5 tu. Ukiufanya mnene, gita litakuwa bubu. Ukiufanya mwembamba bila ya msaada, utapinda na kupasuka.

Ufumbuzi umo katika kanuni moja ambayo kila seremala huijua kwa vitendo. Ugumu wa ubao dhidi ya kupinda hubadilika kwa kipeo cha tatu cha unene wake. Ubao ukipunguzwa unene hadi nusu, uzito wake huwa nusu, lakini ugumu wake huwa sehemu moja ya nane tu. Kinyume chake, kijiti kikiongezwa kimo mara mbili, uzito huwa mara mbili na ugumu mara nane. Kwa hiyo fundi huufanya ubao kuwa mwembamba, kisha kwa ndani hugundisha vitaruma vyembamba vyenye kimo, mfano wa mataruma ya mashua.

Fundi Mhispania Antonio de Torres, aliyeishi kuanzia 1817 hadi 1892, alitaka kuonyesha kwamba ubao wa mbele ndio moyo wa gita. Mwaka 1862 alitengeneza gita ambalo mbavu na mgongo wake vilikuwa vya karatasi ngumu, na ubao wa mbele peke yake ndio uliokuwa wa mti mzuri. Gita hilo lilitoa sauti. Funzo lake ni kubwa kwa mtu asiye na fedha nyingi: ubao bora utumike mbele, na mbavu ziwe za mbao yoyote iliyokauka vizuri.

Katika karakana ya nyumbani

Kwa ubao wa mbele hutakiwa mti mwepesi lakini mgumu kupinda, wa jamii ya msonobari, wenye nyuzinyuzi zilizonyooka. Shingo yaweza kuwa ya mkangazi. Kwa kibao kinachobonyezwa na vidole, mti mgumu kama mpingo hufaa. Lakini mpingo huchukua miaka kama 70 hadi 100 kufikia umri wa kuvunwa, kwa hiyo vipande vilivyobaki kwa wachonga vinyago vitumike kabla ya kufikiria kukata mti mpya. Mbavu hurandwa hadi milimita 2, hulowekwa majini, na kupindwa polepole juu ya bomba la chuma lililotiwa makaa ya moto. Muhimu kuliko yote, mbao ziwe zimekauka kabisa, kwa sababu mbao huyweya kukatiza nyuzinyuzi zake, na gita lililogundishwa likiwa bichi litapasuka wakati wa kiangazi.

Hatua inayohitaji hesabu zaidi ni kupanga vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, ambavyo mafundi huviita freti. Oktavu ina hatua 12 zilizo sawa kwa uwiano. Mwaka 1581 Vincenzo Galilei, baba wa mwanasayansi Galileo, alipendekeza kwamba kila freti iwekwe kwa kugawanya urefu uliobaki kwa 18. Hesabu sahihi hugawanya kwa 17.817. Kwa uzi wa milimita 650, freti ya kwanza huwa milimita 36.5 kutoka mwanzo wa uzi, zinabaki 613.5, ambazo zikigawanywa tena hutoa 34.4 kwa freti ya pili. Ukiendelea hivyo, freti ya 12 itaangukia milimita 325, nusu kamili. Wanafunzi na wairudie hesabu kwa kutumia 18, nao wataona kwamba zinabaki milimita 327.4. Tofauti ya milimita 2.4 huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini sikio huikataa.

Si kila mwanafunzi atakayetengeneza gita, na si lazima. Lakini mwalimu aliye Busawe au penginepo aweza kumwalika fundi wa litungu darasani siku moja, aketi mbele ya wanafunzi na kukaza nyuzi zake. Wanafunzi wapime urefu wa kila uzi na unene wake, kisha wakadirie mvuto kwa kanuni ile waliyoikariri. Fundi ataeleza kwa nini alichagua mti fulani na ngozi fulani, na wanafunzi watamweleza nini kinatokea ndani ya uzi. Siku hiyo kanuni itakuwa imetoka kitabuni, na pande zote mbili zitakuwa zimefundishana.