Kwa nini nesi wako anafanya mazoezi na mdoli

Wiki iliyopita mama mmoja aliyekuja kliniki alinikuta nimeinama juu ya mdoli, nambana kinyago cha hewa usoni. Akacheka: "Nesi, na wewe bado unacheza na mdoli?" Nilimweleza, na ninyi pia nawaeleza.

Katika kila watoto 10 wanaozaliwa, mmoja hivi huhitaji msaada ili aanze kupumua. Wengi wao huanza wakikaushwa vizuri na kusuguliwa mgongo. Wachache hubaki kimya, na hao wanatakiwa wawe wameanza kupewa hewa kwa mfuko na kinyago kabla dakika ya kwanza haijaisha. Tunaiita dakika ya dhahabu.

Kwenye zahanati ndogo kama yetu, mtoto wa namna hiyo anaweza asitokee kwa miezi mingi, na mikono husahau. Mimi nilikuwa na cheti cha mafunzo, lakini usiku mmoja nilibonyeza mfuko, kifua cha mtoto hakikuinuka. Hewa ilikuwa inavuja pembeni ya kinyago. Nikaweka kichwa sawa, nikabana kinyago upya, kifua kikainuka, akalia. (Mama yake anajua, nilimweleza asubuhi yake.)

Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, waliliona hili. Mwaka 2010 wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja. Kwenye mdoli walifanya vizuri, lakini huduma kwa watoto wenyewe haikubadilika. Walipoanza mazoezi ya dakika chache, yakirudiwa mara kwa mara palepale kazini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11 hadi 7 hivi kwa kila watoto 1,000.

Kwa hiyo ukitukuta na mdoli, tuvumilie dakika tano. Na unapokuja kliniki ya ujauzito, uliza: "Mfuko wa kumpa mtoto hewa upo? Mara ya mwisho mmefanya mazoezi lini?" Nesi anayefanya mazoezi hatachukia swali hilo.

Bibi na shangazi mnaosindikiza, mtoto akiwahi kuzaliwa njiani na hajalia, msimning'inize kichwa chini, msimpige wala kummwagia maji baridi. Mkausheni kwa kitambaa kikavu, msugueni mgongo, mfunikeni kifuani kwa mama yake, na mkimbilie kituo cha karibu huku mwingine akipiga simu ili tuandae mfuko.