Mvua Yetu Hutoka Wapi?

Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kavu za Kenya. Watu wakanong'ona: ni dhambi za nani?

Na tutazame jinsi Mungu alivyopanga. Jua hupasha bahari moto, maji yakawa mvuke usioonekana, nao upepo huuleta bara. Hewa ikipanda hupoa, na mvuke hugeuka matone madogo. Hilo ndilo wingu. Lakini miaka ile bahari ya upande wa Indonesia ilikuwa na joto zaidi. Hewa yenye unyevu ikapanda huko, kwetu ikashuka kavu. Mwisho wa 2023 upande wetu wa Bahari ya Hindi ulipata joto, mafuriko yakaja.

Basi jirani aliyefiwa na ng'ombe alikuwa na hatia gani? Tumpelekee unga, si lawama. Eliya aliomba mvua, tena alimtuma mtumishi wake akatazame upande wa bahari. Nasi tuombe, tena tusikilize habari za hali ya hewa kabla ya kupanda. Mungu awabariki.