Kuchagua Jambo la Kuchunguza

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kusema nanyi juu ya kazi inayowashinda wanafunzi wengi kabla hawajaianza, nayo ni kuchagua jambo la kuchunguza katika sayansi. Tangu mwaka 2012 wanafunzi wa sekondari wa Tanzania wameonyesha uchunguzi wao Dar es Salaam katika maonyesho ya Young Scientists Tanzania. Atakaye kufika huko hana budi kuchagua vema.

Kwanza, tafuteni swali penye shida ya watu. Mkazi wa Kibiti na delta ya Rufiji hana haja ya kwenda mbali. Wakati wa bamvua maji ya bahari hupanda katika mikono ya mto; na mto ukipungua, chumvi huingia hata katika mashamba ya mpunga. Hapo mkulima hupoteza jasho la mwaka.

Pili, lifinyeni swali. “Kwa nini mpunga hufa?” ni swali pana mno. “Chumvi kiasi gani huzuia mbegu ya mpunga kuota?” lina jawabu.

Tatu, swali lipimike. Twaeni vyombo vitano vilivyo sawa, na katika kila kimoja tieni kitambaa na mbegu 20. Cha kwanza kipeni maji matamu. Vingine maji yenye gramu 3, 6, 9 na 12 za chumvi kwa lita. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi. Vifunikeni, maana maji yakikauka chumvi huzidi. Hesabuni zilizoota kila asubuhi kwa siku 10, mkaandike. Kisha rudieni kazi yote mara mbili. Chombo cha maji matamu ndicho shahidi: mbegu zake zisipoota, msiilaumu chumvi.

Nne, pimeni muda na hatari. Swali lisilokwisha katika muhula, au liwapelekalo kwenye mamba, liacheni.

Tena waulizeni wazee. Mzee akisema mbegu fulani huvumilia chumvi kuliko nyingine, msimbishie, wala msiridhike. Pandeni zote mbili katika maji yale yale, mkahesabu. Jawabu hilo, hata likiwa dogo, litamfaa mkulima achaguaye mbegu kabla ya masika.

Basi, kwa leo ni hayo.