Ni malaria ao ni mimba?

Ni wakati wa palizi. Saa tatu ya asubuhi, mama mmoja anaweka jembe chini na kukaa kivulini. Mwili umechoka, kichwa ni kizito, na harufu ya ndagala ilimtia kichefuchefu tangu nyumbani. Wenzake wanamwambia: «Iyo ni malaria tu, mama. Pitia kwa farmasi ununue dawa.» Anameza dawa siku tatu, lakini uchovu haumaliziki. Miezi miwili nyuma ndipo tumbo linaonyesha kwamba ilikuwa mimba.

Huu ni mfano tu, lakini kuanzia Mboko mpaka Baraka na kupanda Fizi, nani hajasikia habari kama hiyo? Malaria ni nyingi kwetu kando ya ziwa, ndiyo maana kila uchovu tunaupa jina lake. Kosa hilo linaweza kumuumiza mama na mtoto. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto vinaanza kujengeka katika mwezi wa kwanza wa mimba, mara nyingi mama mwenyewe hajajua. Na kuna dawa ambazo hazifai kumezwa katika miezi mitatu ya kwanza.

Hesabu siku

Mkulima anajua siku aliyopanda maharagi. Vilevile, mama aandike siku ya kwanza ya damu yake ya mwezi, kwenye kalenda ao kwenye daftari. Kwa wanawake wengi damu inarudi kati ya siku 21 na 35. Ikichelewa kupita kawaida yako, hiyo ndiyo alama ya kwanza. Alama zingine ni hizi:

- Matiti yanajaa na kuuma, chuchu zinakuwa nyeusi zaidi.
- Kichefuchefu ao kutapika, si asubuhi peke yake. Mara nyingi kinaanza baada ya juma moja ao mawili ya kukosa damu.
- Kuchoka na kusinzia hata bila kazi nyingi.
- Kwenda kukojoa kila mara, bila kuchomwa.
- Kuchukia harufu ao chakula ulichokuwa unapenda.

Wengine wanaona damu kidogo tu, matone, karibu na siku walizongojea damu ya mwezi. Wanasema, «Nimeshaona damu, sina mimba.» Si hakika.

Mama anayenyonyesha aangalie sana: anaweza kupata mimba hata kabla damu haijarudi. Na si kila kukosa damu ni mimba. Njaa, ugonjwa, mawazo mengi, ao sindano ya uzazi wa mpango vinaweza kuisimamisha.

Alama ambazo si za mimba

Homa si alama ya mimba. Mwili ukiwaka moto ao kutetemeka, nenda kituo cha afya wakupime malaria kwa tone la damu, na umwambie muuguzi: «Damu yangu imechelewa.» Neno hilo litamsaidia kuchagua dawa inayofaa. Usiache malaria bila dawa, kwa sababu inammaliza mama damu na mtoto anaweza kuzaliwa na kilo kidogo.

Kutapika pamoja na kuhara kama maji inaweza kuwa kolera: kimbia kituoni. Kukojoa kwa kuchomwa ni alama ya maambukizo. Na kama damu imechelewa, halafu unasikia maumivu makali chini ya tumbo, kizunguzungu ao kuzimia, usingojee kesho. Mimba inaweza kuwa imekaa nje ya kizazi, na hiyo inaua.

Ufanye nini?

Kipimo cha mkojo kinaweza kuonyesha mimba tangu siku za kwanza za kukosa damu. Tumia mkojo wa asubuhi. Kikisema hapana na damu bado haijaonekana, pima tena baada ya juma moja.

Ukijua, anza CPN kabla ya miezi mitatu kuisha. Waliokaa kambini Tanzania wanaiita kliniki. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linashauri mama aonane na waganga mara 8 katika mimba moja. Kwenye CPN wanapima damu, presha, kaswende na virusi vya UKIMWI. Pia kuna vidonge vya kuongeza damu, na chandarua, ile tunaita mustikeri. Vidonge vya SP vya kukinga malaria vinaanza mwezi wa nne. Usivimeze mbele ya hapo.

Kwa kooperative na wababa

Mama mwenye mimba asipulizie dawa ya wadudu, wala asifue nguo za aliyepulizia. Wenzake wamsaidie mizigo ya mihogo na bidoni za maji. Mpeni kazi ya kuchambua mbegu, kupima kilo ao kuandika daftari, na sehemu yake ya mavuno isipunguzwe. Akiogopa kwamba atakatwa, ataficha mimba mpaka mwezi wa tano.

Baba, ukiambiwa «damu imechelewa», usiseme «ngoja tuone». Toeni pesa ya njia, muende pamoja.

Katika mkutano ujao, mmoja asome ukurasa huu kwa sauti, kwa ajili ya wasiosoma. Mualikeni na reko wa kijiji ajibu maulizo.