Neno "Dini" katika Sala

Huaminiwa kwa wepesi kwamba ugumu wa maneno ya sala, kwa msemaji wa Kiswahili, umo katika yale asiyoyajua. Nionavyo mimi, hatari kubwa zaidi imo katika yale anayodhani anayajua.

Tuitazame Suratul-Fatiha. Katika madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu, husomwa katika kila rakaa. Hivyo atimizaye sala tano huisoma mara 17 kwa siku ya kawaida, mbali na sunna. Aya yake ya nne hutaja siku ya *din*. Mwanafunzi wangu mmoja, hodari wa sarufi, aliifasiri bila kusita kuwa "siku ya dini". Sikumlaumu, Kiswahili chake ndicho kilichomponza. Katika Kiarabu neno hilo lina maana ya imani na ibada, na pia maana ya hukumu na malipo. Kiswahili kilikopa ile ya kwanza, ya pili kikaiacha. La ajabu ni kwamba neno letu "deni", ambalo wanakamusi wa Kiarabu huliweka chini ya mzizi huohuo, lingemfikisha karibu zaidi na maana iliyokusudiwa. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, katika tafsiri yake ya mwaka 1969, alitumia "malipo".

"Atahiyatu" nayo kwa wengi ni jina la kikao tu, ingawa maana yake ni maamkizi.

Basi haitoshi kamusi kutuambia kwamba neno limetoka katika Kiarabu. Ieleze pia ni maana ipi iliyokopwa na ipi iliyoachwa. Pengine mwalimu wa chuo cha Kurani atafaidika nayo kuliko sisi.