Mtawanyiko wa Alama katika Takwimu za Saikolojia: Kutoka Dhana ya Mkengeuko Sanifu hadi Maamuzi Kuhusu Maisha ya Mtu

Ikisiri
Makala haya yanafafanua dhana ya mtawanyiko wa alama katika takwimu za saikolojia. Hoja kuu ni kwamba wastani pekee hautoshi kueleza kundi la alama, na kwamba alama ya mtu mmoja haina maana mpaka ijulikane namna alama za wenzake zilivyotawanyika. Ufafanuzi umejengwa kwa mifano ya hesabu, historia ya vipimo vya akili, na kesi ya Hall dhidi ya Jimbo la Florida iliyoamuliwa nchini Marekani mwaka 2014.

1.0 Utangulizi
Tafiti nyingi za saikolojia na elimu huwasilisha matokeo yake kwa kutaja wastani. Msomaji huelezwa kwamba kundi moja lilipata wastani wa 50 na jingine 54, kisha hitimisho hutolewa kwamba kundi la pili ni bora. Hata hivyo, wastani hueleza mahali ambapo alama zimeegemea. Hauelezi iwapo alama hizo zimekaribiana au zimetapakaa. Kwa kuwa saikolojia ni taaluma inayochunguza tofauti baina ya watu, kuupuuza mtawanyiko ni sawa na kuacha kando kiini cha uchunguzi wenyewe. Sehemu zinazofuata zinaeleza vipimo vya mtawanyiko, kisha zinaonesha athari zake katika upimaji wa akili.

2.0 Vipimo vya Mtawanyiko
2.1 Masafa
Chukulia makundi mawili ya watahiniwa watano watano. Kundi A lina alama 48, 49, 50, 51 na 52. Kundi B lina alama 30, 40, 50, 60 na 70. Makundi yote mawili yana wastani wa 50, na alama ya katikati, yaani mediani, ni 50 pia. Kwa vigezo hivyo viwili makundi haya hayatofautiani, ilhali mwalimu atakayeingia katika madarasa haya atakuta hali mbili tofauti kabisa. Kundi A linaweza kufundishwa kwa pamoja. Kundi B lina mwanafunzi anayehitaji msaada wa pekee na mwingine aliyekwisha kuwatangulia wenzake.

Kipimo chepesi cha kuonesha tofauti hiyo ni masafa, yaani alama ya juu kutoa alama ya chini. Masafa ya Kundi A ni 4 na ya Kundi B ni 40. Udhaifu wa kipimo hiki ni kwamba hutegemea watu wawili tu, wa kwanza na wa mwisho, na hakisemi lolote kuhusu waliomo katikati.

2.2 Variansi na mkengeuko sanifu
Ili kila mtahiniwa ahesabiwe, mtafiti hutafuta umbali wa kila alama kutoka kwenye wastani. Katika Kundi B umbali huo ni -20, -10, 0, 10 na 20. Jumla yake ni sifuri, na itakuwa sifuri katika kundi lolote lile, kwa kuwa wastani ndio nukta ambapo ziada na upungufu hulingana. Kwa sababu hiyo kila umbali huzidishwa kwa wenyewe ili alama ya kutoa iondoke. Miraba inayopatikana ni 400, 100, 0, 100 na 400, na jumla yake ni 1000.

Jumla hiyo ikigawanywa kwa 4, yaani idadi ya watahiniwa kutoa mmoja, hupatikana variansi ya 250. Sababu ya kutoa mmoja ni kwamba mtafiti hutumia wastani wa sampuli yake badala ya wastani wa kundi zima ambalo sampuli imetolewa. Alama za sampuli huwa karibu zaidi na wastani wao wenyewe kuliko wastani mwingine wowote. Hivyo kugawanya kwa 5 kungetoa makadirio yaliyo madogo kuliko hali halisi. Endapo watahiniwa hao watano ndio kundi zima linalochunguzwa, mgawanyo kwa 5 ni sahihi.

Variansi ina kasoro moja ya ufasiri: imo katika miraba ya alama, si katika alama zenyewe. Kipeuo chake cha pili huirejesha katika kizio cha awali, na hicho ndicho mkengeuko sanifu, istilahi iliyoanzishwa na Karl Pearson katika miaka ya 1890. Kwa Kundi B mkengeuko sanifu ni takribani 15.8, kwa Kundi A, ambalo jumla ya miraba yake ni 10, ni takribani 1.58. Makundi yenye wastani mmoja yametofautiana mara kumi.

2.3 Athari ya alama zilizopindukia
Mkengeuko sanifu nao una mipaka yake. Ikiwa alama ya 70 katika Kundi B itabadilika kuwa 100, wastani hupanda hadi 56 na mkengeuko sanifu hufikia takribani 27, ilhali mediani hubaki 50. Mtu mmoja ameibadili sura ya kundi zima kitakwimu. Ndiyo maana katika data zilizoegemea upande mmoja, kama vile muda wa kuitikia kichocheo, inafaa mtafiti aripoti pia mediani na masafa ya nusu ya katikati ya alama, ambayo hayayumbishwi kwa urahisi na alama za pembeni.

3.0 Mtawanyiko kama Kizio cha Upimaji
Mtahiniwa aliyepata 52 amezidi wastani kwa alama 2 katika kila kundi. Katika Kundi A umbali huo ni mkengeuko sanifu 1.26, naye ndiye wa kwanza. Katika Kundi B umbali huohuo ni 0.13, naye hajitofautishi na watu wa katikati. Mtawanyiko, basi, ndio kizio ambacho umbali wa mtu kutoka kwenye wastani hupimwa nacho.

Historia ya vipimo vya akili inathibitisha hoja hii. Katika jaribio la Stanford-Binet lililotolewa na Lewis Terman mwaka 1916, kiwango cha akili kilipatikana kwa kugawanya umri wa kiakili kwa umri halisi, kisha kuzidisha kwa 100. Kanuni hiyo ingekuwa na maana moja kwa watoto wa kila rika endapo mtawanyiko wa viwango ungekuwa sawa katika kila umri. Haukuwa hivyo. Katika toleo la mwaka 1937, mkengeuko sanifu wa watoto wa miaka 6 ulikuwa takribani 12.5, na wa miaka 12 ulikuwa takribani 20. Mtoto aliyekuwa juu ya wastani kwa mkengeuko sanifu mmoja angepata takribani 112 akiwa na miaka 6, na 120 akiwa na miaka 12, bila nafasi yake miongoni mwa wenzake kubadilika hata kidogo. Mzazi angefurahia maendeleo ambayo hayakutokea. Na mtoto aliyekuwa chini ya wastani kwa kiasi hichohicho angeonekana amezorota.

David Wechsler, katika jaribio lake la mwaka 1939, aliiacha kanuni ya kugawanya umri na kutumia nafasi ya mtu katika kundi la rika lake. Wastani uliwekwa kuwa 100 na mkengeuko sanifu kuwa 15. Stanford-Binet ilifuata njia hiyo mwaka 1960, lakini kwa mkengeuko sanifu wa 16. Kwa hiyo alama ya 130 katika jaribio la Wechsler ni sawa na 132 katika toleo hilo la Stanford-Binet. Anayelinganisha alama za majaribio mawili bila kutaja mkengeuko sanifu wa kila moja analinganisha vitu visivyolingana.

4.0 Mtawanyiko Mbele ya Sheria
Mwaka 2002, katika kesi ya Atkins dhidi ya Virginia, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kumnyonga au kumuua kisheria mtu mwenye ulemavu wa akili ni kinyume cha katiba. Sheria ya Florida ilitambua ulemavu huo, pamoja na vigezo vingine, kwa alama iliyo chini ya wastani kwa mikengeuko sanifu miwili au zaidi. Kwa wastani wa 100 na mkengeuko sanifu wa 15, mpaka huo ni 70. Mahakama za jimbo ziliufanya mpaka huo kuwa ukuta: mshtakiwa aliyezidi 70 hakuruhusiwa kuleta ushahidi zaidi wa ulemavu wake. Freddie Lee Hall, aliyehukumiwa kifo, alikuwa na alama ya 71.

Hapa ndipo inapohitajika kutenganisha mitawanyiko miwili. Wa kwanza ni mtawanyiko wa alama za watu mbalimbali, unaopimwa kwa mkengeuko sanifu. Wa pili ni mtawanyiko wa alama ambazo mtu mmoja angepata kama angepimwa mara nyingi bila uwezo wake kubadilika. Huu hupimwa kwa kosa sanifu la upimaji. Kosa hilo ni mkengeuko sanifu ukizidishwa kwa kipeuo cha pili cha 1 kutoa mgawo wa utegemevu wa jaribio. Jaribio lenye utegemevu wa 0.97, ambao ni wa juu sana, lina kosa sanifu la takribani 2.6. Kwa kiwango cha kujiamini cha asilimia 95, alama ya 71 inawakilisha eneo la kati ya 66 na 76. Sheria ilikuwa imeutumia mtawanyiko wa kwanza kuweka mpaka, kisha ikaupuuza wa pili katika kuutekeleza.

Mwezi Mei 2014 Mahakama Kuu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba kanuni hiyo ilikiuka katiba, na kwamba mshtakiwa ambaye alama yake imo ndani ya kosa la upimaji lazima aruhusiwe kuleta ushahidi mwingine, ukiwamo wa uwezo wake wa kumudu maisha ya kila siku. Mwaka 2016 adhabu ya Hall ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha.

5.0 Hitimisho
Makala haya yameonesha kwamba mtawanyiko si nyongeza ya wastani, bali ni sharti la kuufasiri. Inapendekezwa kwamba mtafiti aripoti mkengeuko sanifu pamoja na kila wastani. Achunguze umbo la data kabla ya kuchagua kipimo. Ataje utegemevu na kosa sanifu la upimaji pale anapofasiri alama ya mtu mmoja. Na aepuke kuugeuza mpaka wa kitakwimu kuwa ukuta. Mtahini wa tasnifu naye ana wajibu wa kuuliza, kila anapokutana na wastani, alama zilizouzaa zilitawanyika vipi. Baina ya 70 na 71 kulikuwa na alama moja tu, nayo ilikuwa ndogo kuliko kosa la kipimo kilichoitoa.