Beetle si moja: Nchi ilikotengenezwa ndiyo hupanga bei na vipuri

MWENYE duka la vipuri atakayeagiza kreti la vioo vya mbele vya Volkswagen Beetle kutoka Brazil, akitegemea kuwauzia wenye magari ya Ujerumani ya miaka ya 1970, atakuwa amejinunulia mzigo wa kukaa nao ghalani. Vioo hivyo haviingii. Si vibovu wala si vya kughushi. Vimetengenezwa kwa ajili ya gari la jina hilo hilo na nembo hiyo hiyo, ila ni gari la nchi nyingine.

Hasara ya namna hii huwapata hasa wale wanaoamini maneno ya madalali kwamba Beetle ni Beetle tu. Kwa mbali ni kweli: gari hilo la mgongo wa kobe halikuonekana kubadilika tangu lilipoanza kutengenezwa kwa wingi huko Wolfsburg, Ujerumani, mwaka 1945, hadi la mwisho, ambalo lilikuwa la 21,529,464, lilipotoka katika kiwanda cha Puebla, Mexico, Julai 30, 2003. Lakini ukilisogelea na bisibisi mkononi mambo ni mengine. Karibu kila nchi kubwa iliyolitengeneza ilikuwa na Beetle yake. Na kwa kuwa siku hizi wanunuzi wengi wa gari hilo hawatafuti usafiri bali mahali pa kuhifadhi fedha zao, tofauti hizo zimekuwa suala la mfukoni.

Kodi ilitangulia ufundi

Kilichozigawa Beetle hakikuwa hasa akili ya mafundi bali sheria za ushuru. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali nyingi zilitoza ushuru mkubwa kwa gari lililoingia zima, na mdogo kwa lile lililokuja vipande vipande ili liunganishwe na wananchi. Ndiyo maana Beetle ya kwanza kuunganishwa nje ya Ujerumani ilitoka Dublin, Ireland, mwaka 1950, katika nchi ambayo soko lake la magari lilikuwa dogo mno kwa kiwanda kamili.

Afrika Kusini ilifuata Agosti 1951 katika mji wa Uitenhage, na hadi ilipoacha mwaka 1979 ilikuwa imetoa Beetle zaidi ya 288,000. Huko serikali ilidai sehemu fulani ya gari itengenezwe nchini, na kipimo chake kilikuwa uzito, si thamani. Muuza nyama angeielewa hesabu hiyo haraka: kitu kizito cha bei nafuu kilikipatia kiwanda alama nyingi kuliko kitu chepesi cha bei kali. Mnunuzi asishangae basi kukuta vyuma vya Uitenhage katika gari ambalo nyaraka zake zinazungumzia Wolfsburg.

Kisa kinachofaa kutazamwa kwa makini ni cha Australia. Kiwanda cha Clayton, nje kidogo ya mji wa Melbourne, kilianza kuunganisha Beetle mwaka 1954. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 kilikuwa kimewekeza katika mashine zake chenyewe za kukandamiza bati za bodi, na gari karibu lote likawa la Australia. Hesabu zilikuwa nzuri kwenye karatasi. Halafu Agosti 1964 Wolfsburg ikabadili bodi na kuweka vioo vikubwa zaidi pande zote.

Clayton ilikuwa imekwisha kutumia fedha zake kwenye bodi ya zamani, na soko la Australia halikuwa kubwa kiasi cha kulipia mashine nyingine. Kwa hiyo ikaendelea kuuza sura ya jana, wakati Wajapani wakiingia na magari mapya ya bei ya ushindani. Mwaka 1968 mpango wa kutengeneza kila kitu nchini ukaachwa, ikarudiwa kazi ya kuunganisha vipande vilivyotoka nje. Mwaka 1976 Beetle ikakoma huko na kiwanda kikaangukia mikononi mwa Nissan. Matokeo yake kwa muuza vipuri ni kwamba Beetle ya Australia ya mwaka 1966 hutaka vioo vya Beetle ya Ujerumani ya 1963, na anayepanga rafu zake kwa kufuata mwaka wa gari peke yake atakosea.

Brazil: kosa hilo hilo, faida tofauti

Brazil nayo ilibaki na vioo vidogo, tena haikuviacha hadi mwisho. Lakini huko haikuwa hasara. Beetle, ambayo Wabrazili waliiita Fusca, ilianza kuunganishwa São Paulo mwaka 1953 na kutengenezwa nchini kuanzia 1959. Soko lilikuwa kubwa, na tangu 1976 hadi 1990 serikali ilizuia kabisa kuingizwa kwa magari ya nje. Kwa nini kiwanda kinunue mashine mpya za bodi ikiwa mteja hana pengine pa kwenda? Zilitengenezwa zaidi ya Fusca milioni tatu.

Tofauti nyingine ya Brazil ilitokana na mafuta. Baada ya bei ya petroli kupanda duniani, serikali ya huko ilianzisha mwaka 1975 mpango wa kuendesha magari kwa alkoholi ya miwa, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 Fusca ya alkoholi ilikuwa sokoni. Injini yake ina mgandamizo mkubwa zaidi, na kabureta yake imeandaliwa kwa ajili ya alkoholi. Mtu anayeitaka injini hiyo kwa sababu tu dalali amesema ni "mpya ya Brazil" aulize kwanza ilikuwa ikinywa nini.

Utengenezaji ulisimama mwaka 1986, kisha ukarudi kwa njia ambayo ingewachekesha wachumi wengi. Rais Itamar Franco mwenyewe alitaka Fusca irudi. Mwaka 1993 ilirudi, na katika unafuu wa kodi uliokusudiwa magari madogo ya injini ya cc 1,000 ikaingizwa na yenyewe ingawa injini yake ilikuwa ya cc 1,600. Kiwanda kiliendelea hadi 1996, magari hayakufika 50,000, na leo wakusanyaji wa Brazil huyaita kwa jina la rais huyo. Uchache wao ndio unaoyapa bei.

Mexico yawauzia Wajerumani

Puebla ilianza kutoa Beetle mwaka 1967. Januari 1978 kiwanda cha Emden kilipotoa Beetle ya mwisho ya kawaida ya Ujerumani, mambo yaligeuka juu chini: Wajerumani wakawa wanaletewa gari lao wenyewe kwa meli kutoka Mexico, hadi 1985. Hata hapo hazikuwa sawa. Ile iliyopelekwa Ulaya ilikuwa na injini ndogo ya cc 1,200 yenye nguvu za farasi 34, wakati Wamexico nyumbani wakiuziwa ya cc 1,600. Kioo cha nyuma pia kilikuwa kidogo kuliko kile cha Beetle za mwisho za Ujerumani.

Nchini Mexico kwenyewe serikali ilipunguza kodi mwaka 1989 ili gari la bei nafuu liwafikie watu wa kawaida, na mauzo yakapanda. Wenye teksi wa Mexico City waling'oa kiti cha mbele cha abiria ili mteja aingie nyuma kwa urahisi, maana gari lina milango miwili tu. Kuanzia 1993 kabureta iliondolewa na mafuta yakawa yanapulizwa kwa mfumo wa elektroniki. Kwa hiyo Beetle ya Mexico ya mwaka 1995 ni changa kwa umri, lakini fundi aliyezoea kabureta atakuna kichwa mbele yake, na vipuri vya injini yake si vya kubadilishana ovyo na vya Mjerumani.

Jambo linalowatatiza wengi ni kwamba umri haupandishi bei ya Beetle jinsi unavyoishusha ya magari mengine. Kwa kawaida ya Ujerumani ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, hasa yenye kioo cha nyuma kilichogawanywa vipande viwili, ambayo ilikoma Machi 1953, huipita mbali ya Mexico ya miaka ya 1990. Isipokuwa zile 3,000 za toleo la mwisho la 2003, ambazo zilitengenezwa zikijulikana kuwa ni za kuaga.

Nigeria ilianza kuunganisha Volkswagen mjini Lagos mwaka 1975, kwa kiasi kikubwa kwa vipande vya kutoka Brazil. Kwa hiyo gari la Lagos, ingawa ni la Afrika, mara nyingi huvaa vioo vya Fusca.

Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki

Hapa barabara ni ya mkono wa kushoto, hivyo usukani uwe kulia. Beetle zilizotoka Mexico na Brazil zilikuwa za usukani wa kushoto. Zilizojenga jina la gari hili katika ukanda huu, zikiwamo zile zilizoshinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, ni za kabla ya mabadiliko ya bodi ya 1964. Mwenye gari la miaka hiyo ndiye hasa mteja halali wa vioo vya Brazil, naye anaweza kuvipata vipya kwa sababu tu Brazil haikubadilika.

Njia ya kuongeza idadi yao ni nyembamba. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, na Tanzania huyatoza magari makuukuu ushuru wa ziada. Zilizopo ndizo zinazozunguka kutoka mkono hadi mkono, nyingi zikiwa zimevalishwa vipande vya nchi tatu au nne.

Namba ya chesisi imegongwa kwenye tuta la katikati ya sakafu, chini ya kiti cha nyuma, na hurudiwa kwenye kibati kilichoko mbele, chini ya boneti. Kwa magari ya miaka ya 1980 na kuendelea yenye namba ya tarakimu na herufi 17, inayoanza na 3VW ni ya Mexico na inayoanza na 9BW ni ya Brazil. Kama namba ya chini ya kiti na ile ya kibati hazilingani, bei ijadiliwe upya kabla injini haijafunguliwa.